Jibu: Kwa nini H.265 inatoa faili dogo kuliko H.264?

Ndugu, umeuliza imekuwaje video ya harusi ipungue hivyo na picha ibaki ileile. H.264 na H.265 ni njia mbili za kubana video, na sababu kubwa ya tofauti yao ni vipande. H.264, ya mwaka 2003, hukata fremu, yaani kila picha moja ya video, vipande vya pikseli 16 kwa 16, H.265, ya 2013, hufika hadi 64 kwa 64. Eneo la 64 kwa 64 la ukuta mweupe nyuma ya bibi harusi linaelezwa mara moja badala ya mara 16. Kwa ubora uleule, ukubwa hushuka karibu nusu.

Ila zile chenga za gizani, vile vidoa vinavyochezacheza kwenye sehemu zenye mwanga hafifu, zinakula nafasi vibaya sana! Hubadilika kila fremu, kwa hiyo fremu iliyopita haisaidii kukisia inayofuata. Zisafishe kwanza, ndipo ubane. Na faili la asili la kamera usilifute kamwe.