Kwa wanaoanza Siasa Linganishi: China Bara na Taiwan zisiwaponze

Nimetoka kusahihisha insha za mwaka wa pili, "Linganisha mifumo ya utawala ya China Bara na Taiwan", na kichwa kinaniuma. Swali hili nililikuta nikiwa mwanafunzi, mmelikuta na nyie, na makosa ni yale yale. Nina hakika kuna desa moja limefichwa chini ya godoro bwenini, kila mwaka linapata mrithi. Haya, wadogo zangu, kaeni kitako. Nawapenda, ila mnanichosha.

1. Weka mwaka. Ukiandika "Taiwan ni ya kidemokrasia, China Bara ni ya kikomunisti" bila kusema lini, hujaandika kitu.

Hili nililipata kwa aibu. Nilikuwa kiongozi wa kundi, na kwa kuwa koswaki ya somo jingine ilikuwa imenipa A, nilikuwa sishauriki. Tukatengeneza slaidi yenye jedwali la safu mbili, kushoto nyekundu, kulia kijani. Kwenye kijani nikaandika kwa herufi nene: "1949 hadi leo: vyama vingi, uchaguzi huru." Usiku wa kuamkia prezentesheni, dada mmoja wa kundi letu, mpole, msomaji kwelikweli, akaniambia, "Kaka, mbona hapa wanasema sheria ya kijeshi iliondolewa 1987?" Nikamjibu kwamba hicho ni kipengele kidogo, kitawachanganya watu bure. Kuanzia Mei 1949 hadi Julai 1987, miaka 38 watu wanaishi chini ya sheria ya kijeshi, mimi naiita kipengele kidogo.

Kesho yake nikasimama, nikateremka na slaidi zangu, nikamaliza kwa mbwembwe. Mwalimu hakunikatiza. Aliponyamaza kidogo akauliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayeulizia kantini iko wapi: "Ni mwaka 1975, Chiang Kai-shek amefariki. Mtu wa Taipei asiyeitaka Kuomintang anampigia kura nani?" (Chiang ndiye aliyekuwa mtawala wa Taiwan, Kuomintang ndicho chama chake, na Taipei ndio mji mkuu.) Nikasema DPP, Chama cha Maendeleo ya Kidemokrasia. "Kilianzishwa lini?" Nikaigeukia slaidi kana kwamba itanijibia. Nyuma yangu nikasikia sauti ya yule dada, ya chini: "1986, Mwalimu. Na hata hapo kilikuwa bado ni marufuku."

Darasa likacheka. Kicheko nilikizoea, hakikuniuma. Kilichoniuma ni pale Mwalimu alipouliza kama kuna mwingine kwenye kundi aliyelijua hili kabla slaidi haijaandikwa, na yule dada akainamisha kichwa, akanyamaza, ili asinichome. Tukapewa alama moja kundi zima, alama mbovu, naye akiwemo. Nilimwomba radhi kwenye foleni ya chakula. Akasema, "Yameisha, kaka." Muhula uliofuata alijiandikisha kundi jingine.

Laiti ningesoma kurasa chache tu, ningekutana na mambo matamu kuliko jedwali lolote. Wabunge waliochaguliwa China Bara mwaka 1947 na 1948 walihamia kisiwani na serikali ya Kuomintang iliposhindwa na Wakomunisti, wakabaki bungeni hadi 1991, kwa hoja kwamba majimbo yao yako mikononi mwa waasi na uchaguzi hauwezi kufanyika huko. Wengine mwishoni walikuwa wanaingizwa ukumbini kwa viti vya magurudumu. Ningekutana na Februari 28, 1947, watu wa Taiwan walipoinuka dhidi ya serikali ya Kuomintang, na mauaji yaliyofuata, ambayo kwa miaka mingi kuyataja tu lilikuwa kosa. Ningekutana na Kaohsiung, mji wa kusini mwa Taiwan, Desemba 1979, wapinzani walipokusanyika Siku ya Haki za Binadamu wakaishia mahakama ya kijeshi. Mmoja wa mawakili waliowatetea alikuwa kijana Chen Shui-bian. Mwaka 2000 akawa rais. Uchaguzi wa kwanza wa rais kwa kura za wananchi wote ulikuwa umefanyika mwaka 1996 tu, huku Beijing ikirusha makombora ya majaribio baharini jirani na kisiwa. Kwa hiyo ukilinganisha Beijing na Taipei za 1960, unalinganisha tawala mbili za mkono wa chuma. Ukilinganisha za leo, ni habari nyingine kabisa. Mwaka, jamani. Mwaka!

2. Msiwachukulie Kuomintang kama kinyume cha Wakomunisti tangu kuzaliwa. Hawa wamenyonya ziwa moja, na ziwa lenyewe lilitoka Moscow. Mwaka 1924 Sun Yat-sen, mwanzilishi wa Kuomintang, alikisuka upya chama chake kwa muundo wa Kilenin, mshauri wake akiwa Mikhail Borodin aliyetumwa na Wasovieti: matawi hadi chini, nidhamu ya chama, chama kuwa na kauli ndani ya jeshi. Wazee wetu walikuwa na msemo wao wa mambo hayo, chama kushika hatamu. Kuomintang walizishika hatamu hizo Taiwan kwa miongo minne.

Hapa kuna kisa ambacho kila nikikisimulia semina inaamka. Mwaka 1926 Deng Xiaoping na Chiang Ching-kuo, mtoto wa Chiang Kai-shek, walisoma chuo kimoja huko Moscow. Miaka ya 1980 kila mmoja alikuwa mkubwa upande wake wa mlango wa bahari. Deng alifungua uchumi, chama akakiacha pale pale juu. Chiang Ching-kuo, ambaye mwenyewe aliwahi kuvisimamia vyombo vya usalama vya baba yake, aliondoa sheria ya kijeshi na kuacha upinzani uishi. Anayenieleza kwa nini wanafunzi wawili wa chuo kimoja waliachana njia hapo nampa alama zake zote, hata kama hati yake haisomeki. Ila asiniambie "utajiri huleta demokrasia" akaweka nukta. China Bara nayo imetajirika.

3. Tafuteni nguvu iliko, cheo kitawadanganya. Deng wakati wa mageuzi hakuwa rais, wala waziri mkuu, wala katibu mkuu wa chama. Alishika uenyekiti wa Tume Kuu ya Kijeshi, na kila mtu alijua anayeamua ni nani. Jimboni, katibu wa chama yuko juu ya gavana. Bunge la Beijing lina wajumbe karibu 3,000, hukutana mara moja kwa mwaka, mwezi Machi, wiki moja au mbili. Mwaka 2018 lilipoondoa ukomo wa mihula ya urais, kura za ndiyo zilikuwa 2,958, za hapana 2. Mwanafunzi mmoja ameniandikia kwamba hiyo ni "dalili ya maridhiano ya kitaifa". Nimeacha kalamu, nikaenda kunywa chai.

4. Vyama vidogo vinane vya China Bara vipo na ni halali, lakini vinakubali uongozi wa Chama cha Kikomunisti, kwa hiyo usiviite upinzani.

5. Katiba ya Taipei ina mihimili mitano: utendaji, bunge, mahakama, udhibiti wa viongozi, na mitihani ya watumishi wa umma. Ndiyo, mitihani ni mhimili wa dola. Msinitazame mimi, muulizeni Sun Yat-sen.

6. Msiipambe demokrasia kama bibi harusi. Januari 2024 Lai Ching-te wa DPP alishinda urais kwa kama asilimia 40 ya kura, chama chake kikapoteza wingi bungeni, na tangu hapo bajeti inagombewa kama mpira wa kona. Andikeni na hayo; mfumo unaonekana vizuri zaidi ukiwa kwenye ugomvi.

7. Na hili la kwetu. Kila mwaka kuna anayeandika kwamba Oktoba 25, 1971, Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio 2758, lililoipa Beijing kiti cha China, kwa kura 76 dhidi ya 35, Tanzania "ilichagua ukomunisti ikaikataa demokrasia". Ni kweli Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliolileta azimio, na Salim Ahmed Salim, balozi wetu kule, alikuwa na miaka 29 tu. Lakini rudini kwenye namba moja. Mwaka 1971 Taipei ilikuwa chini ya sheria ya kijeshi. Demokrasia gani iliyokataliwa? Kilichoshindaniwa ni nani akae kwenye kiti cha China. Na wale wa upande wa pili, mnaoandika kwamba azimio liliamua hatima ya Taiwan: linawataja wawakilishi wa Chiang Kai-shek, linawaondoa, neno Taiwan halimo. Halijazi hata ukurasa. Lisomeni kabla ya semina ya Alhamisi, maana nitauliza.