Muulize Shangazi: Vifaa vimemaliza hela, mmea sijanunua

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nimehamia chumba chenye dirisha moja linalopata jua la asubuhi, na zile sakulenti, mimea ya majani manene, zimeniteka. Nilipoenda kununua, muuzaji aliniandikia orodha: vyungu vitano vya kauri, mfuko wa udongo maalumu, mbolea ya maji, chupa ya kunyunyizia na kijisepeto. Nilipopiga hesabu, hela iliisha kabla sijaifikia mimea yenyewe. Nikate kipi?
Msomaji wa Dirisha Moja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kata karibu yote. Anza na hiyo chupa, maana mimea hii hainyweshwi kwa manyunyu. Maji hutuama katikati ya majani na kuyaozesha, huku mizizi haijapata kitu. Chukua kikombe, mwagia udongo hadi maji yatokee chini, kisha usiuguse mpaka ukauke kabisa. Mbolea itasubiri. Kijisepeto unacho tayari, kinaitwa kijiko.

Hela yako nunulia mmea mmoja. Usivutiwe na ule wenye ua moja kubwa la majani. Tafuta uliosongamana, wenye vichwa vitatu vinne ndani ya chungu kimoja, au mshubiri uliozungukwa na watoto. Hao watoto umewapata bure. Kabla ya kulipa, chungulia kwenye makwapa ya majani: ukiona vitu vyeupe kama pamba, hao ni wadudu, rudisha. Bonyeza shina pale linapogusa udongo, likibonyea, limeshaoza. Halafu jaribu kuinua kokoto moja ya juu kwa ukucha. Mimi niliwahi kuuziwa mmea ambao kokoto zake zilikuwa zimegundishwa zote pamoja kama sakafu! Miezi nikimwagilia gundi.

Na vile vidungusi vyenye kichwa chekundu au cha njano? Hiyo ni mimea miwili iliyounganishwa. Kichwa hakina ukijani wa kujitengenezea chakula, kinamnyonya aliye chini, na mara nyingi ndoa hiyo haidumu. Mwachie mwenye hela ya kuchezea.

Sasa tuje kwenye majani, maana hapa ndipo mmea mmoja unapozaa kumi. Kama mmea wako ni wa aina ya echeveria, ile sakulenti ambayo majani yake hujipanga duara kama ua, shika jani nono la chini kabisa, karibu na shina, ulitikise kushoto na kulia polepole mpaka liachie lenyewe. Tazama kitako chake. Kikiwa kizima, kimejikunja kidogo kama ukingo wa kijiko, umefaulu; likikatikia njiani, litupe. Liweke kivulini siku 3 hadi 5, bila tone la maji, kidonda kifunge. Kisha lilaze juu ya udongo, usilifukie. Baada ya wiki 2 au 3 utaona nyuzi za rangi ya waridi, na baadaye kichwa kidogo kama punje ya mtama. Jani lenyewe litasinyaa. Usilinyofoe kwa kutaka usafi, bado linanyonyesha. Mengine yatakauka tu bila kuota, ndiyo maana unalaza sita, si moja. Jani la mshubiri usihangaike nalo, litaoza. Wewe tenga watoto wake wakiwa na mizizi yao.

Udongo changanya mwenyewe: kopo moja la udongo wa kawaida, kopo moja la mchanga wa chembe kubwa au changarawe ndogo. Mchanga wa baharini una chumvi, na ule laini wa kupigia lipu hushikana kama keki. Pandia kwenye kopo lolote la plastiki, ulilotoboa matundu manne matano kwa msumari wa moto. Tafadhali usitandike kokoto chini, hata kama uliona kwa bibi. Maji husita pale udongo unapokutana na kokoto, yakabaki juu yake, mizizini kabisa. Tundu ndilo linalotoa maji.

Chungu cha kauri utanunua baadaye, kimoja. Siku hiyo kigeuze kwanza uangalie chini: vingi vya mapambo havina tundu.