Mwanangu, umeuliza tunaamini nini

Mwanangu mpendwa,

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Baba, hicho kikundi chenu cha wahumanisti kinaamini nini hasa? Na kama hamsali, mnakutana kufanya nini?" Nilikujibu juujuu tu, maana swali hilohilo lilikuwa limetukalisha mezani jioni mbili.

Tulikuwa tunaandika tamko letu. Mmoja alitaka lianze na "Hatumwamini Mungu." Nikapinga. Kwa wengi wetu ni kweli, lakini nani hujitambulisha kwa asichonacho? Katibu aliandika, akafuta, akaandika tena mpaka karatasi ikatoboka. Ndipo tukalisoma Azimio la Amsterdam, lililopitishwa na wahumanisti wa nchi mbalimbali mwaka 1952, likaandikwa upya 2002 na tena 2022. Humo wanakiri kwamba hakuna asiyekosea wala ajuaye yote. Kumbe hata wao wanafuta! Nikapata moyo.

Basi, tunaamini kwamba maisha haya ndiyo tuliyo na uhakika nayo. Jema na baya tunayapima kwa jinsi yanavyomgusa mtu, na mnyama pia, si kwa hofu ya moto. Na dai lolote, hata langu mimi mzee, lidaiwe ushahidi. Babu yako angeyaita yote hayo utu, kisha akaendelea na shughuli zake.

Kuhusu kukutana: anayesali akifiwa ana watu, ana nyimbo, ana maneno yaliyokwisha andaliwa. Asiyesali anafiwa vilevile. Mwezi uliopita tulimzika mwenzetu ambaye alikuwa ameagiza asifanyiwe ibada. Mjane wake husali. Alisimama kando na rozari yake mkononi. Nilieleza jinsi marehemu alivyokuwa akiwatengenezea watoto baiskeli bila kudai chochote, na jinsi alivyokuwa mbishi (watu wakacheka, hata mjane). Kisha nikaomba tunyamaze dakika mbili, kila mtu akumbuke apendavyo. Nikaona midomo ya yule mama ikicheza, punje za rozari zikisogea moja moja. Yule yule aliyetaka sentensi ya "Hatumwamini Mungu" ndiye aliyemsogezea kiti.

Kikao kilichofuata hakuirudia hoja yake. Tamko tumelimaliza, nakutumia nakala. Ile karatasi iliyotoboka nimeiweka mimi.

Baba yako