Chicago ilikuwa kubwa kabla ya moto

Wapo wanaosema Chicago ilikua kwa sababu ya moto mkubwa ulioiteketeza. Hapana, moto huo wa Oktoba 1871 sio ulioikuza. Sensa ya 1870, mwaka mmoja tu kabla, ilihesabu watu karibu 299,000, wakati mwaka 1840 hawakufika hata 5,000. Mwaka wa kuutazama ni 1848. Ndipo ulipofunguliwa mfereji wa Illinois na Michigan, uliounganisha Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini na mkondo wa maji unaoelekea mto Mississippi, na mwaka huohuo treni ya kwanza ikaanza kutoka mjini. Tangu hapo nafaka, mbao na mifugo ya magharibi vikawa vinapitia Chicago kwenda miji ya mashariki.

Ndiyo maana watu wa Chicago waliinuka upesi baada ya moto. Mazizi na machinjio ya Union Stock Yards yalikuwa upande wa kusini, moto haukuyafikia, na reli nyingi zilisalimika. Kufikia 1890 walishavuka milioni moja, ingawa hapo kumbuka jiji lilikuwa limemeza vitongoji kadhaa mwaka 1889.

Moto ulibadilisha sura ya jiji, hilo sikatai. Nyumba mpya za mbao zilipigwa marufuku katikati ya mji, wasanifu wakamiminika, na mwaka 1885 likakamilika Home Insurance Building, ghorofa 10, ambalo wengi hulitaja kuwa jengo refu la kwanza la fremu ya chuma.

Na yule ng'ombe wa Bi O'Leary, mkazi wa Chicago, anayesemekana kuwasha moto huo kwa kupiga teke taa? Porojo za magazeti. Baraza la jiji lilimwondolea Bi O'Leary lawama rasmi 1997.