Saa ya Prague inayojua saa sita mchana

Ukipita Prague, mji mkuu wa Cheki, na una nusu siku tu, nenda kwenye jengo la zamani la halmashauri ya mji, lile lenye mnara na saa ya ajabu ukutani. Ila usifanye nilivyofanya mimi. Nilifika saa sita kasoro dakika tano, nikajibana katikati ya umati, simu juu. Sanamu ya kiunzi cha mifupa ikavuta kamba ya kengele, vidirisha viwili vikafunguka, sanamu za mitume kumi na wawili zikapita, jogoo akawika. Basi. Hata dakika nzima haikutimia. Watu wakaguna, nami nikapapasa mifuko, maana vibaka wanaupenda sana umati ule.

Kesho yake nilirudi saa mbili asubuhi, uwanja mtupu, nikaisoma saa yenyewe. Namba za Kirumi ndizo saa za kawaida za Wazungu. Pembeni kabisa kuna pete nyeusi yenye namba za dhahabu, 1 hadi 24: Wacheki wa kale walianza kuhesabu saa jua linapozama, na pete hiyo husogea mwaka mzima kulifuata. Halafu tazama sehemu ya buluu. Kuna namba nyeusi, 1 hadi 12, zinazogawa mchana tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Adhuhuri, kajua ka dhahabu kwenye mkono wa saa hukaa penye sita.

Saa sita mchana! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Miaka yote nawaeleza Wazungu kwa nini saa zetu zimepishana na zao, kumbe mababu zao walihesabu hivihivi. Tofauti ni kwamba kwetu, karibu na ikweta, mchana ni uleule. Kule saa moja ya kiangazi ilikuwa ndefu kuliko ya majira ya baridi.

Utasimuliwa kwamba fundi Hanuš alitobolewa macho asije akatengeneza nyingine kama hiyo. Hadithi tamu, lakini aliyeiunda mwaka 1410 ni Mikuláš wa Kadaň.

Kata tiketi uingie ndani. Mnara una karibu mita 70, na lifti ipo, kwa hiyo mwenye magoti mabovu asikate tamaa. Huko juu kibaraza ni chembamba, mnapishana kwa kugeuza mabega. Usiikose kanisa ndogo ya ndani: saa ikigonga, unawaona mitume kwa nyuma wakizunguka, bila kusukumana na mtu.

Ukitoka, angalia chini. Kuna misalaba 27 meupe kwenye mawe ya sakafu, mmoja kwa kila kiongozi wa uasi aliyenyongwa au kukatwa kichwa hapo tarehe 21 Juni 1621. Watu wanaikanyaga na aiskrimu mkononi. Ubavuni mwa jengo kuna uwazi. Bawa lililokuwepo liliungua Mei 1945, halikujengwa tena.

Mwisho, pesa. Cheki wanatumia koruna, na vibanda vya kubadilishia karibu na uwanja vingine ni wembe. Mimi nilinyolewa saa saba mchana. Sheria yao inakuruhusu kutengua mabadilishano yasiyozidi euro 1,000 ndani ya saa tatu, ukiwa na risiti. Nilikuja kuijua saa tatu usiku, risiti nimeshaifungia maganda ya chungwa.