Mwalimu, mbona maneno ya Kiayalandi yanageuka mwanzoni?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nina miezi mitatu najifunza Kiayalandi peke yangu kwa simu, nilianza kwa ajili ya hadithi za yule kijana shujaa Cú Chulainn, natamani siku moja nizisome kwa lugha yake yenyewe. Kinachonivunja moyo ni maneno kugeuka mwanzoni, mara bád, mara bhád, mara mbád, na zote wanasema ni boti ileile, nikitafuta kwenye kamusi silioni. Kuna kanuni hapo au ni kukariri tu? Na je, niachane na hiki cha leo niende moja kwa moja kwenye kile cha zamani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kanuni ipo na ni nzuri sana, tena we kama Mswahili una faida kubwa ambayo hujaiona. Hebu fikiria, ukimkuta mgeni anatafuta "nimepika" kwenye kamusi utamwambia nini? Atafute pika. Lugha yetu inafanya kazi zake nyingi mwanzoni mwa neno, na Kiayalandi pia kina tabia hiyo, kwahiyo ukiona bhád au mbád toa kilichoongezwa, tafuta bád. Kamusi ya teanglann.ie ni bure na ina sauti za lahaja zote tatu kubwa, Munster, Connacht na Ulster, itumie kila siku.

Sasa sikiliza hii, ndo mahali ninapopapenda kuliko pote. A bhád ni boti yake yeye mwanaume, b inalegea inatamkwa v au w kutegemea lahaja. A bád ni boti yake yeye mwanamke, b inabaki b. A mbád ni boti yao, inasikika "a maad", b haitamkwi kabisa. Kineno ni a kwenye zote tatu, halafu maana inabebwa na mwanzo wa neno linalofuata! Kwanini? Kwasababu zamani sana hivyo vineno vilikuwa vitatu tofauti. Cha mwanaume kiliishia na irabu, basi b ikajikuta katikati ya irabu mbili ikalegea. Cha mwanamke kiliishia na s, ikaikinga b isilegee. Cha "yao" kiliishia na sauti ya puani ikaiambukiza b. Miaka ikapita miisho ikadondoka, vyote vitatu vikawa a, lakini alama walizoacha kwenye neno la jirani zikabaki mpaka leo. Hata sisi tunasema mtu mrefu ila nyumba ndefu, r imegeuka d kwa sababu ya n iliyoko mbele yake, na hakuna aliyetufundisha, tumeisikia tu tangu utotoni. Kwahiyo usikariri orodha ya herufi zinazogeuka, kariri vifungu vizima vyenye maana, mo bhád (boti yangu), a bhád, a mbád, useme kwa sauti mpaka ulimi uzoee.

Ushahidi wa hiyo miisho upo kwenye mawe. Maandishi ya kale kabisa ya lugha hii yanaitwa Ogham, ni mistari iliyochongwa kwenye kingo za mawe, mengi ni ya karne ya 5 na 6, na yamejaa kusini hasa Kerry na Cork. Mengi yanataja tu fulani mwana wa fulani, na neno la "wa mwana" limeandikwa maqi, bado lina mwisho wake. Leo "mwana" ni mac, ndiyo ile Mac unayoiona kwenye majina ya watu, sawa na bin yetu.

Kuhusu kuruka kwenda cha zamani, ushauri wangu ni hapana, anza na cha leo ukae nacho walau mwaka au miwili. Kile cha karne ya 8 na 9 vitenzi vyake ni vigumu mno, ingawa kuna kitu kitakufurahisha ukifika huko: walikuwa wanaingiza mtendwa ndani ya kitenzi kama sisi. Sisi tunasema a-na-ni-penda, wao waliandika nomchara, na hiyo m ya katikati ni "mimi". Cha leo kimeshapoteza hilo.

Na usidhani fasihi ya mwanzo ni vita tu. Hadithi kubwa ya Cú Chulainn ni Táin Bó Cúailnge, malkia Medb wa Connacht anakwenda kuteka fahali wa Cooley na kijana anailinda Ulster peke yake, nakala ya zamani zaidi iliyobaki ni ya mwanzoni mwa karne ya 12 na iko Dublin. Ila mi ningekuanzishia shairi dogo la karne ya 9 la mtawa na paka wake Pangur Bán, paka anawinda panya, mtawa anawinda maana ya maneno magumu, kila mmoja na kazi yake, chumba kimoja, hawasumbuani. Lina beti 8 tu, na daftari lenyewe liko Austria maana watawa wa Ayalandi walisambaa Ulaya na lugha yao. Nikilisoma najiona pale mezani kabisa.

SWALI: Kama ni lugha yao mbona wengi wanaongea Kiingereza?

JIBU: Utawala wa Uingereza uliibana karne nyingi, shule za taifa zilizoanza 1831 zikafundisha kwa Kiingereza, halafu njaa kuu ya 1845 hadi 1852 ikaua kama watu milioni moja na wengine milioni hivi wakahama, na iliwapiga zaidi magharibi ambako lugha ilikuwa hai. Mwaka 1893 kikaanzishwa chama cha Conradh na Gaeilge kuifufua, katiba ya 1937 ikaifanya lugha rasmi ya kwanza, Umoja wa Ulaya ukaipokea 2007. Kwenye sensa ya 2022 watu karibu milioni 1.9 walisema wanaijua, ila wanaoiongea kila siku nje ya shule ni kama elfu 72.