Vyuma vinachoma kalori ngapi ukiwa umelala?

SWALI: Habari daktari, mimi ni mama wa miaka 46, nipo Tabata. Huu mwezi wa tatu napiga tizi la vyuma kwenye jimu ya mtaani kwetu, kocha alituambia kila kilo ya misuli inachoma kalori 100 kwa siku hata ukiwa umelala na ndo maana nikajiunga, ila mizani imeganda palepale kwenye kilo 84. Kinachonishangaza magauni yananipwaya kiunoni, na sukari nikipima asubuhi kabla sijala imetoka 6.8 mpaka 5.9. Niendelee au nirudi zangu kwenye kukimbia?

JIBU: Dada yangu endelea, tena usithubutu kuacha! Ila hiyo hesabu ya kalori 100 tuitoe kwanza njiani maana imewakatisha tamaa watu wengi sana. Kilo moja ya misuli iliyotulia inatumia kama kalori 13 kwa siku, basi, na kilo ya mafuta inatumia kama 4 na nusu. Ukijenga kilo 2 za misuli, na hizo ni nyingi kwa miezi mitatu, umeongeza kalori 26 hivi, haifiki hata vijiko viwili vidogo vya sukari ya chai. Usiku ukilala wanaokula zaidi ni ini, ubongo, moyo na figo, moyo peke yake kwa kilo unakula kama kalori 440 kwa siku.

Sasa njoo kwenye hiyo 5.9 yako, mimi ndo imenifurahisha.

Ukianza kunyanyua, sekunde kama 10 za mwanzo misuli inatumia akiba ndogo iliyopo tayari mlemle ndani, ikiisha inaingia ghalani kuchukua glikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli yenyewe, na mtu mzima anakuwa nayo kama gramu 300 mpaka 500. Seti baada ya seti ghala linapungua na lazima lijazwe tena, na sukari ya kulijazia inatoka kwenye damu. Kwa kawaida insulini ndo inabisha hodi ili misuli ifungue mlango sukari iingie, na kwa mtu anayeelekea kwenye kisukari insulini inabisha weee mlango unafunguka kidogo tu. Lakini msuli unaofanya kazi unafungua milango yake wenyewe kwa ndani, bila kusubiri insulini, na ukishamaliza tizi unabaki unaisikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja mpaka mbili. Ndo maana nasema usipitishe siku tatu nne bila kugusa chuma, ile faida inapotea. Na misuli ikikua maana yake ghala nalo limekua, chakula cha mchana kina pa kwenda.

Mizani kuganda kusikutishe. Mafuta yametoka, misuli imeingia, na kila gramu ya glikojeni inatunzwa pamoja na gramu kama 3 za maji, kwahiyo kilo zinabaki zilezile huku kiuno kinapungua. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani kila baada ya wiki mbili.

Kukimbia usikuache, kwa muda uleule kunachoma kalori nyingi kuliko vyuma. Shirika la Afya Duniani linataka vyote viwili, dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za kutembea haraka na mazoezi ya nguvu angalau siku 2. Halafu kama umeshaanzishiwa dawa za sukari mwambie daktari wako unanyanyua vyuma, maana kuna dawa zikikutana na tizi sukari inashuka mno mpaka unatetemeka na kutokwa jasho.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 71, mjukuu ndo ananiandikia. Miguu imeisha nguvu, wanangu wananikataza mazoezi ya uzito wanasema nitaumia. Ni kweli?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Wanao wanakupenda, ila kukaa tu ndo kunaimaliza hiyo miguu. Kuanzia miaka 30 hivi mwili unapoteza misuli asilimia 3 mpaka 8 kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi inaongezeka. Mwaka 1990 kule Boston, Marekani, watafiti waliwanyanyulisha uzito kwa miguu wazee dhaifu wa miaka kama 90, wiki 8 tu, nguvu za miguu zikaongezeka zaidi ya mara mbili na wawili wakaweza kutembea bila mkongojo. Miaka tisini mzee wangu, wewe bado kijana!

Pima presha kwanza. Kisha tafuta kiti imara kiegemee ukutani, kaa na kusimama mara 8, pumzika, rudia mara mbili zaidi, siku tatu kwa wiki, na mjukuu asimame karibu. Ukizoea shika dumu dogo la maji kifuani. Usibane pumzi wakati wa kusimama, itoe, kubana ndo kunakopandisha presha ghafla. Na kwenye sahani dagaa, maharage au yai visikosekane, misuli haijengwi na ugali mtupu.